Reli Nyembamba za Mashamba ya Mkonge

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliingiza mkonge katika koloni ambalo baadaye liliitwa Tanganyika. Mwaka huohuo ulianza ujenzi wa reli ya kutoka Tanga, yenye upana wa mita 1, iliyofika Moshi mwaka 1911. Lakini ndani ya mashamba zilitandazwa reli nyembamba zaidi, mara nyingi za sentimita 60. Kwa nini zilihitajika?

Jibu limo katika jani lenyewe. Katika kilo 100 za majani, nyuzi ni kilo 4 hivi tu. Zilizobaki ni maji na nyama ya jani. Hivyo, ili kupata tani 1 ya nyuzi, sharti tani 25 za majani zifikishwe kwenye korona, yaani mashine ya kukwangulia. Tena majani hayangoji: yakikauka, nyuzi hazibanduki vyema.

Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma hukutana na ukinzani mdogo. Isitoshe, njia nyembamba hupinda kwa urahisi, na vipande vyake vyepesi viliweza kung'olewa na kuhamishwa kuwafuata wakataji. Mfaransa Paul Decauville ndiye aliyeeneza reli za namna hiyo tangu miaka ya 1870.

Hata hivyo, reli haikukata jani wala kulipakia. Kazi hiyo ilifanywa na manamba, vibarua walioletwa kutoka mbali, ambao ujira wao ulihesabiwa kwa kipande cha siku 30 za kazi. Kila tani 1 ya nyuzi iliyopakiwa melini Tanga ilikuwa kwanza tani 25 mabegani mwao.