Ukinyimwa Ruhusa ya Kujenga

Tuseme mtu mmoja katika soko dogo la Kenya ana kiwanja chake kando ya njia, na hati yake ni halali, naye ataka kujenga nyumba ya mashine ya kusaga mahindi. Amechorewa ramani, amelipa ada, amepeleka ombi lake katika ofisi ya kaunti. Kisha siku moja apata barua ya kumwambia kwamba ombi limekataliwa. Watu wengi wakipata barua ya namna hii huikunja na kuitia sandukuni wakinung'unika, na wengine hushika jembe usiku wakaanza kuchimba msingi. Wote wawili wamekosea, na katika mazungumzo yetu ya leo twataka kueleza sababu.

Kwanza yafaa kujua aliyekataa ni nani. Zamani kazi hii ilikuwa ya mabaraza ya miji na ya wilaya. Tangu mwaka 2013 ni ya serikali za kaunti, na sheria inayofuatwa ni ile ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019, iliyoiondoa ile ya mwaka 1996. Mwenye kutoa ruhusa au kuinyima ni yule mkubwa wa kaunti anayesimamia mambo ya mipango, ambaye watu humwita waziri wa kaunti. Wala hakupewa uwezo wa kukataa apendavyo. Akikataa, sheria yamlazimu kuandika sababu zake. Tena kabla ya kuamua hana budi kuutazama mpango wa mahali uliokwisha kukubaliwa, na njia na maji yaliyopo, na afya na raha ya wakaaji.

Basi barua ile isomwe tena polepole, sababu moja baada ya moja, kwa maana shauri lote limo humo. Tuseme imetaja tatu: kwamba mashine itapiga kelele karibu na nyumba za watu, kwamba ramani haionyeshi mahali pa kusimama punda na magari yaletayo magunia, na kwamba ukuta wa mbele umeingia katika ardhi iliyoachwa kwa ajili ya barabara. Sababu hizi si za namna moja. Ile ya ukuta, ikiwa ni kweli, haina jibu. Afadhali amwite mpimaji amwonyeshe mpaka, na akiona kwamba amekosea, aurudishe ukuta nyuma katika ramani na kupeleka ombi jipya. Ile ya punda ni upungufu wa ramani tu, mchoraji aweza kuutengeneza kwa siku moja. Lakini ile ya kelele ndiyo ya kubishaniwa. Je, nyumba iliyo karibu iko umbali wa hatua ngapi? Je, katika mpango wa soko upande ule umewekwa kwa biashara au kwa makao? Je, kaunti imekwisha kumruhusu mtu mwingine kuweka mashine kama hiyo papo hapo? Haya ndiyo maneno yenye uzito. Kusema kwamba karani alimtazama kwa dharau, au kwamba babu yake ndiye aliyefyeka mwitu wa mahali pale, hakumsaidii neno, hata kama ni kweli.

Rufani hupelekwa kwa maandishi mbele ya Kamati ya Uhusiano ya mipango ya ardhi katika kaunti, ambayo miongoni mwa wajumbe wake wamo wakili na watu wenye elimu ya kupanga ardhi. Hapa ndipo wengi hupotelewa na haki yao, kwa kuwa muda uliowekwa ni siku 14 tu, nazo zahesabiwa tangu uamuzi ulipotolewa. Sisi twaona kwamba siku hizi ni chache mno kwa mtu akaaye mbali na makao makuu ya kaunti, ambaye pengine barua yamfikia zikiwa zimebaki tano au sita. Lakini ndiyo sheria, na kulalamika hakuzirefushi. Kwa hiyo aliyepeleka ombi asikae nyumbani akingoja kuitwa. Aende kuuliza, na kila karatasi anayoitoa abaki na nakala yake yenye muhuri na tarehe.

Tarehe hizo zina faida nyingine. Sheria yasema kwamba mwombaji asipopata jibu la maandishi katika siku 60, ruhusa yahesabiwa kuwa imetolewa. Lakini mtu asiye na stakabadhi ya siku aliyopeleka ombi atazihesabuje siku hizo mbele ya watu?

Jirani naye asisahauliwe. Mtu ambaye watoto wake hulala nyuma ya ukuta wa mashine aweza kukata rufani vilevile, katika siku zile zile 14, ikiwa ruhusa imetolewa naye yamdhuru.

Ama yule wa kuchimba usiku, adhabu ya kujenga pasipo ruhusa yaweza kufika faini ya shilingi 500,000, au kifungo cha miezi miwili, au vyote viwili. Tena aweza kuamriwa airudishe ardhi kama ilivyokuwa, kwa gharama yake mwenyewe.

Wako pia wanaotaka kwenda mahakamani moja kwa moja, kwa kudhani kwamba jaji ni mkubwa kuliko kamati. Ni mkubwa, lakini sheria ya mwaka 2015 juu ya matendo ya haki ya watawala yamzuia kwa kawaida kusikiliza shauri ambalo bado lina njia ya rufani huko chini. Mtu hupoteza fedha za wakili, akarudishwa kwenye kamati, na siku zake 14 zimekwisha kupita. Aanzie kwenye kamati. Na kamati ikimkatalia, ndipo aende katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, akichukua barua ya kwanza, uamuzi wa kamati, ramani, na zile nakala zenye muhuri.