Homa ya nguruwe: Mlango ambao mfugaji wa Songea anaweza kuufunga

KWA familia nyingi za Songea na vijiji vinavyouzunguka mji huo, nguruwe ni akiba. Hulishwa pumba za mahindi, huuzwa shule zinapofunguliwa au mbolea inapohitajika, na walaji wa kitimoto hawakosekani. Hata hivyo, akiba hiyo inaweza kufutika ndani ya wiki chache kutokana na homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ulioelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921 na ambao hadi leo hauna tiba.

Ugonjwa huo haumpati binadamu. Lakini kwa nguruwe wa kufugwa, aina kali ya kirusi chake huua karibu wote walioambukizwa. Kwa nini sindano zinazoponya magonjwa mengine hushindwa hapa? Jibu lipo katika namna kirusi hicho kinavyoingia ndani ya seli, yaani chembe hai zinazojenga mwili wa mnyama.

Kutoka kwa papasi hadi ndani ya seli

Porini, kirusi huishi kwa ngiri na papasi, na ngiri haugui. Papasi ni jamii ya kupe wenye ngozi laini. Mchana hujificha kwenye nyufa, usiku hutoka kunyonya damu kwa dakika chache na kurudi. Anaweza kukaa na kirusi kwa miaka kadhaa, akakiingiza kwa nguruwe kwa njia ya mate anapomuuma. Nguruwe akishaugua, papasi hahitajiki tena: damu, mate, kinyesi na nyama vinatosha kuambukiza wengine.

Ndani ya mwili, kirusi huzivamia seli nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu na kuvisaga. Hao ndio askari wa mwili. Watafiti wa Hispania, nchi iliyopambana na ugonjwa huu tangu mwaka 1960 hadi ulipotokomezwa mwaka 1995, wameonyesha kuwa kirusi hutumia njia mbili. Kwanza, hujishikiza kwenye ngozi ya seli, nayo hubonyea na kukifunika katika kifuko kidogo. Pili, huichokoza seli ipige funda kubwa la majimaji yanayoizunguka, na kirusi humezwa humo.

Kwa kawaida, kilichomezwa hukutana na asidi ili kisagwe. Kirusi hiki kina maganda kadhaa mithili ya kitunguu. Asidi huyavua maganda ya nje, kisha utando wake wa ndani huungana na ukuta wa kifuko na kiini hupenya kwenda kuzaliana. Silaha ya askari ndiyo inayomfungulia adui mlango. Seli hufa, virusi vipya hutawanyika na nguruwe hubaki bila ulinzi.

Ndiyo maana sindano ya OTC haisaidii. Dawa hiyo hupambana na bakteria, si virusi. Vietnam iliruhusu chanjo kuuzwa kwa wafugaji mwaka 2023, lakini kwa mfugaji wa Songea kinga ya kutegemea bado ni kuzuia kirusi kisifike bandani.

Kirusi hupanda gari

Kati ya mwaka 2010 na 2012, ugonjwa ulionekana Kyela, karibu na mpaka wa Malawi, ukasambaa hadi Dar es Salaam. Papasi hatembei umbali huo. Kinachosafiri ni nguruwe na nyama. Kyela iko kwenye Ziwa Nyasa, ziwa hilohilo linalopakana na Ruvuma kwa upande wa Mbamba Bay, hivyo wafanyabiashara wa Songea hawako mbali na hatari.

Tuseme mfugaji ana nguruwe 10 na wawili wameanza kuugua. Akiwauza haraka wanane waliobaki kwa bei ya kutupa, ataokoa fedha kidogo. Lakini dalili huchukua siku 4 hadi 19 kujitokeza, kwa hiyo wanaoonekana wazima wanaweza kuwa tayari wamebeba kirusi. Majirani watapoteza mifugo, karantini itawekwa, na mchinjaji, muuza kitimoto na muuza pumba watakosa biashara.

Tatizo ni kwamba anayetoa taarifa mapema hubeba hasara peke yake, ilhali faida huenda kwa wote. Vikundi vya wafugaji vinaweza kupunguza uzito huo kwa kukubaliana mapema kuchangia mtaji wa mwanachama atakayetoa taarifa badala ya kuuza.

La kufanya

Nguruwe afungwe bandani, asizurure wala kukutana na ngiri. Nyufa za banda zizibwe kwa saruji, kwani dawa ya kupulizia haimfikii papasi kirahisi. Nguruwe mgeni atengwe kwa siku 30. Makombo ya jikoni yachemshwe kwa dakika 30 yakikorogwa. Mchinjaji na mnunuzi wasiingie bandani na buti au visu vyao.

Homa kali, kukataa chakula, ngozi ya masikio na tumbo kuwa nyekundu au zambarau, na vifo vya ghafla ni dalili za kumwita ofisa mifugo siku hiyohiyo, kama Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inavyotaka. Mizoga izikwe shimo refu. Isiuzwe wala kupewa mbwa.