Jaribu Programu ya Malipo Kabla Haijamfikia Mteja

Vijana wa Donholm wanaotengeneza programu za simu za kuuza gesi, maji au vyakula mtaani wanashauriwa wasizijaribu kwa pesa za wateja. Kazi hiyo inaweza kufanywa kwenye kompyuta moja kwa vifaa viwili: emuleta, yaani simu inayoigizwa ndani ya kompyuta, na seva ya majaribio inayojibu badala ya seva halisi.

Emuleta ya Android hupatikana bila malipo pamoja na Android Studio. Tengeneza simu mbili, moja ya toleo jipya na nyingine ya toleo la zamani, kwani si kila mteja ana simu mpya. Kompyuta ikilemewa, unganisha simu yako kwa kebo.

Seva ya majaribio huendeshwa kwenye kompyuta hiyo hiyo. Wengi hukwama hapa: ndani ya emuleta, anwani 127.0.0.1 ni ya emuleta yenyewe. Ili kuifikia kompyuta, tumia 10.0.2.2. Aidha, kuanzia Android 9, programu huzuiwa kutumia HTTP isiyo na usimbaji. Ruhusu mawasiliano hayo katika toleo la majaribio pekee.

Faida ya seva hii ni kwamba hukosea unapoiagiza. Katika malipo ya M-Pesa, jibu 0 humaanisha malipo yamefaulu. 1, salio halitoshi. 1032, mteja ameghairi. 1037, simu yake haikupatikana au hakujibu kwa wakati. Iagize seva itoe kila jibu, kisha ichelewe dakika moja, kisha itume jibu moja mara mbili. Programu ikimwambia mteja ajaribu tena huku malipo ya kwanza yangali njiani, atalipa mara mbili. Isipotambua jibu lililorudiwa, mwenye duka atapeleka mitungi miwili kwa malipo ya mmoja.

Tumia majina na nambari za kubuni. Taarifa za wateja zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Programu ikipita hapo, ijaribiwe kwenye mazingira ya majaribio ya Daraja, jukwaa la Safaricom lililozinduliwa mwaka 2017, kabla ya kupokea shilingi ya kwanza ya mteja.