KICHWA HAKINA SPEA: MAMBO YA KUJUA KABLA YA KUENDESHA PIKIPIKI

Wahenga walinena kuwa mwenda pole hajikwai. Methali hii twaiandika sana kwenye insha, lakini likizo ikifika wengi wetu huomba ufunguo wa pikipiki ya kaka na kutimua vumbi. Katika makala haya nitaeleza yale anayopaswa kuyajua mwanagenzi kabla hajagusa lami ya Malindi au Kilifi.

Kwanza ni umri na leseni. Wenzangu wa kidato cha tatu husema, "Si sheria yaruhusu miaka 16?" Yaruhusu, lakini si kila pikipiki. Daraja la A1 ni la vipikipiki ambavyo injini zake hazizidi cc 50. A2 ni la pikipiki za kawaida, nalo lataka miaka 18. A3 ndilo la kubebea abiria kwa malipo. Bodaboda tunazoziona stendi ni za cc 100 na kuendelea. Kwa hivyo, rafiki yangu, sisi wa miaka 16 hapo hatumo! Hata aliyefikisha umri hujiandikisha kwanza katika shule ya udereva iliyosajiliwa, akapata leseni ya muda, akajifunza, kisha akatahiniwa na NTSA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012.

Wapo wasemao, "Mimi nimejifunzia ufuoni, mtihani wa nini tena?" La hasha! Kujua kubadilisha gia si kujua barabara. Ufuoni hakuna lori la chumvi kutoka Gongoni linalokujia, wala matatu inayosimama ghafla kuchukua abiria.

Pili ni mavazi. Sheria ya trafiki yataka dereva na abiria wavae kofia ngumu na jaketi linalong'aa likimulikwa, na abiria awe mmoja tu. Tafiti nyingi za ulimwengu zilizojumlishwa mwaka 2008 zilionyesha kuwa kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini ifungwe ukanda jamani. Isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijafika chini.

Tatu ni breki. Wengi huogopa ya mbele ati itawapindua. Ukweli ni kwamba unapofunga breki uzito husukumwa mbele. Gurudumu la mbele hushika barabara zaidi na la nyuma huwa jepesi, kwa hivyo breki ya mbele ndiyo yenye kazi kubwa. Zitumie zote mbili pamoja, ukikaza kidogo kidogo, pikipiki ikiwa wima. Penye mchanga au kona punguza mwendo mapema, kwa sababu ukibana ya mbele ghafla hapo, gurudumu huteleza nawe ukaanguka.

Hapa Fizikia yatufaa. Kwa mwendo wa kilomita 36 kwa saa, unakwenda mita 10 kila sekunde. Kwa kilomita 72 ni mita 20. Sekunde moja ya kushtuka tu, mita 20 zishakwisha na breki hujaigusa! Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, masafa ya kusimama baada ya kufunga breki huongezeka mara nne.

Nne ni mazingira yetu. Mchanga hupeperushwa hadi juu ya lami. Mvua ya kwanza huchanganyika na oili na vumbi, barabara ikawa kama imepakwa sabuni. Daraja la Kilifi, lililofunguliwa mwaka 1991, liko juu sana ya mkono wa bahari na upepo hupiga kutoka ubavuni. Hapo punguza mwendo, shika usukani imara na usiyakaribie magari.

Nawe mwenzangu unayepanda kama abiria, una sauti. Mkipakiwa watatu ili msichelewe gwaride la asubuhi, kataa. Adhabu ya kuchelewa huisha siku hiyo hiyo, mguu uliovunjika hukaa miezi.

Kwa kumalizia, siidharau bodaboda. Ni kazi ya heshima, na karo za wengi wetu zatoka huko. Ninalosema ni kuwa leseni yaweza kungoja miaka miwili. Tairi likipasuka utapata jingine dukani, lakini kichwa hakina spea.