Mpira na Desturi za Watu wa Reli katika Nchi ya Ugogo

Mwaka wa Gulwe, stesheni ya reli katika nchi ya Ugogo, una nusu mbili zisizofanana. Kuanzia Desemba hata Aprili mvua hunyesha, nayo kwa kawaida haifiki milimita 700 kwa mwaka mzima. Mto Kinyasungwe, ambao kwa miezi mingi huwa mchanga mtupu, hufurika, na si mara moja wala mbili maji yake yamezoa tuta na kukata njia ya reli baina ya Kilosa na Gulwe. Ikiisha mvua, mtama na uwele huvunwa, ng'ombe hushuka mabondeni kutafuta malisho, na watu hupata wasaa wa kuketi, kuoana, kutia vijana jandoni na kucheza. Asiyeijua hesabu hii ya mwaka hawezi kuuelewa msimu wa kilabu ndogo ya mpira ya bara katika zama zilizokuwa baina ya vita kuu mbili, kwa kuwa mchezaji alikuwa kwanza mkulima, au mwana wa mkulima, au mtumishi wa reli, na mpira ulimpata katika saa alizoachiwa na jembe na kazi ya njia.

Reli yenyewe ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kabla yake misafara ilipita papa hapa: Mpwapwa ilikuwa kituo cha mwisho chenye maji mema kabla ya kuivuka nyika kame ya Marenga Mkali, na watemi wa Wagogo walitoza hongo, yaani ushuru wa njia, kwa kila aliyepita katika nchi yao na kunywa katika visima vyao. Hivyo mgeni si kitu kipya katika Ugogo. Jipya lilikuwa mgeni aliyekuja akakaa. Gulwe, iliyo mlango wa Mpwapwa kwa wasafiri wa garimoshi, iliingia katika mlolongo wa stesheni ambazo watu wake walitoka kila upande: makarani waliosoma misheni, Wahindi wenye maduka, Wanyamwezi wa magenge ya kutengeneza njia, watu wa pwani wenye Kiswahili chao na kanzu zao, na pembezoni mwao Wagogo wenyewe katika matembe yao ya paa la udongo, pamoja na jirani zao Wakaguru. Jamii kama hiyo haikuwa na ukoo mmoja wala mzimu mmoja. Ilikuwa haina budi kujitungia desturi za kukaa pamoja.

Mpira uliwafikia watu hawa kwa njia za shule na kambi. Kule Unguja wanafunzi wa Kiungani, shule ya misheni ya UMCA, waliucheza tangu miongo ya mwisho ya karne ya 19, na walimu waliotoka huko waliuchukua pamoja na vitabu vyao. Vita ya 1914 hadi 1918 iliwakusanya vijana wa makabila mengi katika majeshi na uchukuzi, na amani iliporudi, shule za serikali na za misheni ziliufanya mpira kuwa sehemu ya malezi. Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilianza kushindania Kombe la Gossage, ambalo Tanganyika haikuliingia mpaka ulipofika mwaka 1945. Chama cha mpira cha Tanganyika kiliundwa mwaka 1930. Na katika Dar es Salaam zikazaliwa Young Africans, yaani Yanga, mwaka 1935, na mwaka 1936 kilabu iliyokuja kuitwa Sunderland, hii ya pili ikiwa ndiyo Simba ya leo. Majina haya makubwa ndiyo yanayokumbukwa. Walakini mchezo haukuishi kwa majina makubwa peke yake. Uliishi kwa kilabu za watu wachache, zisizo na ligi wala kikombe cha fedha, ambazo mashindano yao yalikuwa barua ya mwaliko kutoka mji mmoja kwenda mji wa pili.

Kilabu hizo zilirithi mengi kutoka ngoma ya beni. Beni ilianza pwani, na baada ya vita ikaenea bara pamoja na askari, makarani na watumishi wa reli, ikiwa imegawanyika katika vyama viwili vilivyopingana, Marini na Arinoti, vyenye sare na vyeo vilivyoigwa majeshini. Wageni waliitazama wakaona maigizo, lakini mwanachama aliyejikuta mbali na kwao aliona jambo jingine: alipougua, wenziwe walimtazama, alipofariki, walimnunulia sanda na kumchimbia kaburi, na alipohamishwa kazi, aliwakuta wa chama chake katika stesheni aliyopelekwa, wakampokea kama ndugu. Katika miaka ya 1930, vijana wa miji walipoanza kuiacha beni na kufuata dansi na mpira, waliiacha ngoma lakini hawakuiacha dhima yake. Kilabu ya mpira ikawa na mwenyekiti, katibu na mtunza fedha, ikawa na ada na michango, na fedha iliyochangwa ili kununua mpira wa ngozi na kibofu chake haikuona haya kuingia katika mazishi.

Wenyeji nao hawakuwa wageni wa mashindano. Wagogo ni mabingwa wa sauti na mwendo: zeze na marimba zao, nyimbo zao za nindo na msunyunho zinazoimbwa kwa sauti nyingi zinazopishana na kukutana, na muheme wa wanawake wanaopiga ngoma walizozishika kwa mapaja, hayo yote huwakutanisha watu wa kijiji hiki na kile katika kiangazi, na kila kundi hutaka lionekane bora bila ya kuvunja ujirani. Kijana aliyelelewa katika adabu hiyo alipoingia kiwanjani miguu mitupu, kama walivyocheza wengi siku zile, alikuwa amekwisha kujua kwamba mshindani ni mtu wa kuheshimiwa, kwa maana bila yeye hakuna mchezo.

Juu ya hayo yote ulisimama utani. Wazaramo na Wanyamwezi walikuwa watani tangu enzi za misafara: mtani humtania mwenziwe kwa maneno makali bila ya kumkasirisha, huweza kumnyang'anya kitu mbele ya watu, lakini msiba ukifika, ndiye wa kwanza kushika kazi ya maziko. Reli iliwaweka watu hao na watani wa makabila mengine katika nyumba zilizopangana, na kiwanja cha mpira kikawa uwanja mwingine wa kutaniana. Ndiyo sababu mpaka leo Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, wala jina hilo halikupatikana bure: limebeba haki ya kumcheka aliyefungwa, na limebeba vilevile wajibu wa kumsitiri akifiwa.

Haifai kuzipamba zama hizo kana kwamba zilikuwa za raha. Mwisho wa vita ya kwanza Ugogo ulipatwa na njaa kubwa iitwayo Mtunya, iliyoletwa na ukame pamoja na majeshi yaliyowachukua watu uchukuzi na kuwatwalia wenyeji ng'ombe na nafaka zao, na ikafyeka kaya nyingi. Vijana wa Ugogo waliocheza mpira katika miaka ya 1920 na 1930 walikuwa wamenusurika wenyewe, au walikuwa watoto wa walionusurika. Ulipokuja mdororo wa biashara ya dunia baada ya 1929, reli ilipunguza watumishi wake, na nzige waliishambulia Tanganyika katika miaka hiyohiyo. Kilabu inayotegemea mishahara midogo ya makarani na vibarua huyumba mishahara inapokatika. Mpira ukipasuka, hakuna wa kununua mwingine. Lakini kwa watu waliojua thamani ya kibaba cha mtama, kumpikia mgeni aliyekuja kushindana nao, na kumlisha akiwa amewafunga, kulikuwa tendo la ukarimu ambalo tajiri hawezi kulipima.

Hapo ndipo ilipo maana ya kuwakumbuka watu wa kilabu hizo ndogo. Leo tunahesabu magoli, pointi na bei ya wachezaji, na kuhesabu ni kwema. Lakini kilabu iliyojengwa juu ya hesabu hizo pekee haina wa kuitetea ikishuka daraja. Kilabu za kale zilidumu kwa sababu mwanachama alizihitaji hata siku ambayo hakuna mchezo. Vijana wa Gulwe, Mpwapwa na Dodoma wanaoanzisha timu leo wana haki ya kutamani vikombe. Lakini waandike katika kanuni zao, kabla ya kifungu cha jezi na cha kocha, kifungu cha kumzuru mgonjwa, kumzika aliyefariki na kumlisha mgeni. Wakifanya hivyo, hata msimu watakaofungwa mechi zote hautakuwa umepotea bure.