Umetolewa tonsesi ukubwani? Siku ya 5 hadi ya 10 usiwe mbali na hospitali

Kila tunapozungumzia magonjwa ya koo kwenye kipindi, swali moja hurudi kwenye simu zetu. Kijana au mtu mzima ametolewa tonsesi, siku mbili za mwanzo alijiona anaendelea vizuri, kisha siku ya nne au ya tano maumivu yanazidi, masikio yanauma, na akijitazama kwenye kioo anaona koo limekuwa jeupe. Anauliza: je, nimeoza? Je, daktari amekosea?

Mara nyingi jibu ni hapana, kidonda kinapona kama kawaida yake. Lakini katika siku hizohizo kuna hatari moja ya kweli, nayo ni damu. Kwa sisi tunaoishi Amani, ambako kushuka Muheza ni mwendo mrefu wa kona na utelezi, hatari hiyo inahitaji maandalizi kabla hata ya kwenda kufanyiwa upasuaji.

Tonsesi si kimeo

Tuanze hapa kwa sababu wengi huchanganya. Tonsesi, au mafindofindo, ni vinyama viwili vilivyo kulia na kushoto nyuma ya ulimi. Kimeo, ambacho wengine hukiita kilimi, ni kile kinyama kimoja kinachoning'inia katikati.

Kukata kimeo nyumbani kwa mtaalamu wa jadi ni jambo linalofanyika bado sehemu nyingi za nchi yetu, hasa kwa mtoto mwenye kikohozi kisichoisha. Kufanya hivyo hakutibu tonsesi wala kikohozi. Kumewaletea watu kutokwa damu nyingi, pepopunda na maambukizi mengine, yakiwemo ya virusi vya UKIMWI pale kifaa kinapotumika kwa zaidi ya mtu mmoja. Upasuaji wa tonsesi tunaouzungumzia leo hufanyika hospitalini, mgonjwa akiwa amelazwa kwa nusu kaputi.

Nani hutolewa tonsesi

Si kila koo linalouma linahitaji kisu. Kipimo kinachotumiwa na madaktari wengi duniani ni kuugua tonsesi kwa nguvu mara 7 au zaidi katika mwaka mmoja, au mara 5 kila mwaka kwa miaka 2 mfululizo, au mara 3 kila mwaka kwa miaka 3. Wengine hutolewa kwa sababu tonsesi zimekuwa kubwa hadi mtu anakoroma na kukatika pumzi usingizini, au kwa sababu ya jipu linalojirudia pembeni ya tonsesi.

Ukiumwa koo, nenda kwanza zahanati. Koo linalosababishwa na bakteria lisipotibiwa vizuri, hasa kwa watoto na vijana, linaweza kuleta ugonjwa unaoharibu milango ya moyo. Kwa hiyo ukipewa antibayotiki, maliza dozi yote. Tatizo likijirudia, omba rufaa ya kumwona daktari wa masikio, pua na koo. Hospitali ya rufaa ya mkoa ya Bombo, KCMC Moshi na Muhimbili Dar es Salaam ndizo ngazi za juu ambazo wagonjwa wa Tanga huelekezwa kulingana na hali zao.

Kwa nini mkubwa anaumia zaidi

Mtoto wa miaka 5 anaweza kuwa anakimbia uwanjani baada ya wiki moja. Kijana wa miaka 17 au mama wa miaka 30 huchukua siku 10 hadi 14, na maumivu yake ni makali zaidi. Tonsesi za mtu mkubwa zimeugua mara nyingi, zina makovu, na zimeshikana na misuli ya koo. Zikitolewa, panabaki vidonda viwili vya wazi ambavyo kwa kawaida havishonwi. Fikiria kidonda cha goti, ila hiki kiko mahali ambapo mate, chai na uji hupita kila siku.

Siku kwa siku

Siku ya 1 na ya 2: koo linauma, sauti imebadilika, kimeo kinaweza kuvimba kidogo. Dawa ya usingizi ikiisha nguvu, wengine hutapika.

Siku ya 3 hadi ya 7: hapa ndipo maumivu hufika kileleni. Masikio huuma ingawa hayana ugonjwa, kwa sababu mshipa wa fahamu unaohudumia koo unahudumia na sikio. Mdomo hunuka. Pale tonsesi zilipokuwa panafunikwa na utando mweupe au wa njano. Huo si usaha. Ni kigaga cha kidonda ambacho kwa kuwa kiko majimaji hakiwezi kukauka na kuwa cheusi kama cha mguuni. Usiukwangue kwa kidole, kijiko wala mswaki, na usipulizie unga wa dawa yoyote.

Siku ya 5 hadi ya 10: utando huanza kubanduka. Mate yanaweza kuwa na michirizi myembamba ya damu. Huu ndio wakati wa kuwa macho.

Baada ya siku ya 10: maumivu hupungua haraka. Wengi huwa wamerudia hali yao ndani ya wiki 2.

Kunywa kwanza, kula baadaye

Koo likiuma mtu huacha kumeza. Koo hukauka, utando hupasuka, maumivu huongezeka na hatari ya kutokwa damu nayo hupanda. Kwa hiyo kunywa ni sehemu ya tiba. Ukiwa macho, kunywa angalau kikombe kimoja kila saa, kwa mafunda madogo: maji ya baridi, maziwa, dafu, uji mwepesi uliopoa. Angalia mkojo wako. Ukiwa mchache na wa rangi iliyokolea, hujanywa vya kutosha.

Chakula kiwe laini: mtori, bokoboko, uji, viazi vilivyopondwa, parachichi, ndizi mbivu, mayai ya kuvuruga. Ukiweza kumeza wali laini au ugali mlaini wenye mchuzi mwingi, kula. Kutafuna kunasaidia misuli ya taya na koo isikakamae. Epuka vinavyokwaruza kama bisi, karanga, mihogo ya kukaanga na mikate mikavu.

Wenyeji wa Muheza tumezungukwa na michungwa, na mgonjwa mara nyingi huletewa machungwa. Yapokee kwa shukrani, lakini mpe jirani. Machungwa, ndimu, nanasi na pilipili huchoma kidonda. Chai yetu ya iliki na mdalasini si mbaya, ila isubiri ipoe, kwani cha moto sana hufungua mishipa ya damu.

Piga mswaki kama kawaida, taratibu. Unaweza kusuuza mdomo kwa maji, lakini usisukutue kooni kwa nguvu. Sigara, ugoro na pombe viache kwa wiki 2 nzima. Moshi wa kuni nao unakausha koo, kwa hiyo mgonjwa asiwekwe jikoni.

Dawa za maumivu: zitangulie maumivu

Kosa la kawaida ni kusubiri maumivu yakuzidi ndipo umeze kidonge. Katika wiki ya kwanza meza kwa saa, kama ulivyoandikiwa, hata usiku uamshwe. Nusu saa baada ya kumeza, ndipo ule na kunywa.

Parasetamoli ndiyo hutumika zaidi. Mtu mzima mwenye zaidi ya kilo 50 humeza vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, na asizidishe vidonge 8 kwa siku. Kijana au mtu mwembamba afuate kipimo cha daktari. Angalia pia dawa za mafua, kwani nyingi zina parasetamoli ndani yake, na ukichanganya unaweza kuumiza ini bila kujua.

Aspirini usiitumie kabisa, kwa kuwa inazuia damu kuganda. Ibuprofeni na diklofenaki zitumie ikiwa tu daktari aliyekupasua ameruhusu. Kodeini na tramadoli hazifai kwa walio chini ya miaka 18 baada ya upasuaji huu, maana zinaweza kupunguza pumzi usingizini. Antibayotiki nazo hazipunguzi maumivu haya. Usizinunue dukani kwa sababu tu umeona koo jeupe.

Damu ikitoka

Damu inaweza kutoka ndani ya saa 24 za mwanzo, ukiwa bado hospitalini au karibu nayo. Inaweza pia kutoka baadaye, zaidi kati ya siku ya 5 na ya 10, utando unapobanduka. Kwa watu wazima hutokea zaidi kuliko kwa watoto. Kati ya wagonjwa 100, wachache tu hupatwa na jambo hili, lakini hakuna anayeweza kutabiri ni nani.

Mchirizi ndani ya mate si jambo la kutisha. Ukitema damu nyekundu, mabonge ya damu, au ukitapika vitu vyeusi kama masalia ya kahawa, hiyo ni dharura. Fanya hivi:

1. Kaa wima, inamia mbele. Usilale chali.
2. Tema damu, usiimeze. Damu ukiimeza hujui imetoka kiasi gani, na itakutapisha.
3. Suuza mdomo kwa maji ya baridi, kisha tema.
4. Anza safari ya hospitali wakati huohuo, hata kama ni usiku. Nenda kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji na huduma ya kuongeza damu. Mtu mwingine akutangulie kwa simu.
5. Damu ikikoma njiani, usirudi nyumbani. Kutoka kidogo mara ya kwanza kunaweza kufuatiwa na kutoka kwingi.

Usipande bodaboda ukiwa peke yako na dereva. Ukizimia njiani, nani atakushika?

Mpango wa mtu wa mlimani

Hapa ndipo tunapoomba familia za Amani, Kwamkoro, Bulwa, Zirai na vijiji vya jirani zikae na kuzungumza mapema. Ukiweza, baada ya kuruhusiwa usipande mlimani mara moja. Lala kwa ndugu Muheza au Tanga mjini hadi siku ya 10 ipite. Ni gharama na ni usumbufu, lakini ni afadhali kuliko kuteremka usiku wa mvua huku unatema damu.

Kama hakuna ndugu, andaa haya: mtu mzima wa kulala chumba kimoja na mgonjwa, namba za watu wawili wenye gari wanaokubali kuamshwa usiku, fedha ya nauli iliyotengwa pembeni, simu iliyochajiwa, na cheti cha upasuaji mahali kinapoonekana. Kama upasuaji si wa haraka, omba tarehe isiyoangukia katikati ya masika.

Homa si lazima iwe malaria

Joto kidogo siku za mwanzo ni la kawaida. Homa kali inayoendelea siyo. Huku kwetu mtu akipata homa hukimbilia dawa mseto. Kapime kwanza. Inaweza kuwa malaria kweli, na inaweza kuwa kidonda kimeingia bakteria. Rudi hospitali pia ukishindwa kunywa kabisa, ukikaa saa 12 bila kukojoa, ukipumua kwa shida, au maumivu yakiongezeka baada ya siku ya 10 badala ya kupungua.

Shule, kazi na mfungo

Mwanafunzi akae nyumbani wiki 2. Wa bweni asirudi mapema, kwani si rahisi kupata chakula laini na uangalizi wa usiku kule. Likizo ya Juni au Desemba ni wakati mzuri kuliko wiki za kuelekea mtihani wa kidato cha nne.

Wachumaji wa chai, wabeba mizigo na wote wanaofanya kazi ya kuinama na kunyanyua wasubiri wiki 2. Presha ya damu ikipanda kwa kazi nzito, kidonda nacho kinaweza kufunguka. Mpira wa miguu vilevile.

Kwa ndugu zetu Waislamu, mgonjwa wa aina hii hawezi kukaa mchana kutwa bila maji. Dini inamruhusu mgonjwa kula na kulipa siku zake baadaye. Ni vyema kupanga upasuaji nje ya Ramadhani.

Na je, ukishatolewa tonsesi, kinga ya mwili inaisha? Hapana. Mwili una sehemu nyingine nyingi zinazofanya kazi hiyo. Mafua na koo la kawaida utaendelea kuyapata, lakini yale mafindofindo ya kukulaza kitandani kila mwezi utakuwa umeachana nayo.

Makala haya ni ya kukuelimisha, hayachukui nafasi ya daktari aliyekupasua. Kabla ya kuruhusiwa, muulize mambo matatu na uyaandike: dawa gani nimeze na saa ngapi, damu ikitoka niende wapi, na nipige simu namba gani. Kisha msomee makala haya atakayekuuguza, maana siku ya 5 wewe mwenyewe hutakuwa na hamu ya kuongea.