Wafugaji wa Viwavi wa Gede

Kwetu pwani mtu akiona kiwavi shambani humponda kwa kandambili. Basi sikilizeni habari za watu wa Gede, njia ya kwenda Malindi, wanaopanda miti makusudi ili viwavi waile.

Jirani yao ni Msitu wa Arabuko-Sokoke, kama kilomita 420 za mraba, mkubwa kuliko misitu yote ya asili iliyobaki pwani ya Afrika Mashariki. Wageni huusifu sana: una bundi mdogo wa Sokoke, paa nunga, na sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu. Lakini muulizeni aliyelima mahindi ukingoni. Usiku ndovu, mchana nyani! Mwanzoni mwa miaka ya tisini wengi walitamani msitu ukatwe wagawiwe mashamba, nami siwalaumu. Sifa za bundi hazijazi sufuria.

Mwaka 1993 ukaanza mradi wa Kipepeo, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, palepale kwenye magofu ya Gede. Msitu una aina zaidi ya 250 za vipepeo, na kule Ulaya na Marekani kuna nyumba za vioo ambamo watu hulipa kiingilio watazame vipepeo wakiruka. Wa kuwauzia wenye nyumba hizo akawa mkulima.

Mfugaji hutundika msituni mtego wa chandarua, ndani kuna ndizi iliyochacha. Kipepeo huingia kwa chini, akanywa, akashiba. Akitaka kutoka hupaa juu, ndiyo tabia yake, na juu kumefungwa. Jike hupelekwa nyumbani, kwenye kizimba chenye mche wake.

Mche wake, nimesema, si mche wowote. Vipepeo wengi huonja jani kwa miguu kabla ya kutaga, na lisipokuwa lenyewe hawatagi. Kiwavi naye hukubali kufa njaa kuliko kula jani la wenzake. Ndiyo maana mfugaji hana budi kuotesha miti ya mwituni kando ya mihogo yake, na mbegu hutoka msituni, na majike wapya wa kubadilisha damu pia. Msitu ukiisha, hana kazi.

Kiwavi akishashiba hugeuka pupa. Pupa hufungwa kwenye pamba na kusafirishwa upesi kwa ndege, wasije wakaota mabawa njiani.

Msidhani mambo yote yamenyooka. Mwaka 2020 korona ilifunga nyumba zile za vioo na ndege zikasimama. Pupa hawekwi ghalani kusubiri bei. Na miti ya msituni iitwayo mihugu bado hukatwa kwa wizi, ikachongwa vinyago. Anayeishi kwa msumeno hajali vipepeo.

Ninyi mnaokaa mbali na Gede, tazameni mlimau wa nyumbani. Kiwavi mdogo mweusi mwenye baka jeupe, anayefanana na kinyesi cha ndege, ni mtoto wa kipepeo mkubwa mwenye madoa ya manjano. Ndege humpita bila kumdhania chakula. Akikua huwa kijani. Mguseni taratibu nyuma ya kichwa: atatoa pembe mbili zenye harufu kali, na mtakimbia wenyewe.